Ulemavu mkubwa: Mbona umezidi mashambani?

JE, umewahi kurudi nyumbani mashambani wakati wa Krismasi ukakuta, katika boma la jirani, mtoto wa miaka minane au kumi ambaye hajawahi kusimama? Pengine amelazwa juu ya mkeka chini ya mti, huku nyanya yake akimlisha uji kwa kijiko. Ukiuliza, utaambiwa kwa sauti ya chini kwamba ni mtoto wa fulani anayefanya kazi Nairobi, na kwamba "aliletwa hapa akiwa mdogo". Wengine watakunong'onezea kuwa ni laana, au kwamba mama yake alivunja mwiko alipokuwa mjamzito.

Wiki hii tunaangalia maswali mawili ambayo watu wengi huyakwepa. Ulemavu mkubwa umeenea kiasi gani mashambani? Na unasababishwa na nini? Usiruke ukurasa huu, msomaji, kwa kudhani kuwa hayo ni mambo ya kijijini. Kama unaishi Soweto West pale Kibera, au Kawangware, au mtaa mwingine wowote wa aina hiyo, jibu linakuhusu kuliko unavyofikiri.

ULEMAVU MKUBWA NI UPI?

Si kila ulemavu ni mkubwa. Mtu anayetumia miwani, au anayechechemea kidogo lakini analima shamba lake na kwenda sokoni, hana ulemavu mkubwa. Tunaposema ulemavu mkubwa tunamaanisha hali ambayo mtu hawezi kabisa, au anaweza kwa shida sana, kufanya mambo ya msingi ya maisha: kuona, kusikia, kutembea, kuelewa na kukumbuka, kuzungumza, au kujihudumia kama vile kula, kuoga na kwenda chooni.

Walio katika hali mbaya zaidi huhitaji mtu wa kuwaangalia usiku na mchana. Hii ina maana kwamba mtu mmoja akiwa na ulemavu wa namna hiyo, watu wawili wameondolewa katika kazi: yeye, na anayemtunza. Mara nyingi anayemtunza ni mama, nyanya, au dada mkubwa ambaye ameacha shule.

HESABU ZINASEMAJE?

Katika sensa ya mwaka wa 2019, kila nyumba nchini Kenya iliulizwa maswali kuhusu mambo hayo sita tuliyoyataja. Waliohesabiwa kuwa na ulemavu ni wale tu waliosema wana shida kubwa au hawawezi kabisa. Walipatikana watu zaidi ya 900,000 wa umri wa miaka 5 na kuendelea, yaani asilimia 2.2. Lakini angalia tofauti hii: mashambani kiwango kilikuwa asilimia 2.6, na mijini asilimia 1.4. Ulemavu wa kutembea ndio uliokuwa mwingi kuliko mwingine wote.

Kaunti za Homa Bay, Siaya na Embu zilikuwa na zaidi ya asilimia 4. Nairobi ilikuwa na karibu asilimia 1 pekee. Wakazi wengi wa Kibera wana mababu na mashamba Homa Bay na Siaya, kwa hivyo takwimu hizo si za watu wa mbali. Ni za jamaa zao.

Hata hivyo, hesabu hizi zafaa kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, watoto walio chini ya miaka mitano hawakuhesabiwa, ingawa ulemavu mwingi huanzia utotoni. Pili, kuna familia ambazo humficha mlemavu anapofika mgeni mwenye daftari. Tatu, kaunti ya Wajir, ambako mgonjwa anaweza kusafiri siku nzima kabla ya kumwona daktari, ilionyesha kiwango cha chini hata kuliko Nairobi. Si rahisi kuamini kwamba huko ndiko kuna afya njema zaidi. Mahali ambapo huduma ni haba, watoto walioumia vibaya hufariki mapema, na walio hai hawajulikani.

Ndiyo maana uchunguzi wa kitaalamu hutoa picha nyingine. Mwaka wa 2001 watafiti mjini Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini, KEMRI, ina kituo kikubwa, walichunguza zaidi ya watoto 10,000 wa vijijini wenye umri wa miaka 6 hadi 9. Hawakungoja kuambiwa nani ni mlemavu. Walianza kwa kuwauliza wazazi maswali kumi mepesi kuhusu mtoto, kisha baadhi ya watoto wakapimwa na wataalamu. Matokeo yalikuwa kwamba watoto 61 kati ya kila 1,000 walikuwa na kasoro za ubongo au mishipa ya fahamu za kiwango cha wastani au kikubwa. Huyo ni mtoto mmoja katika kila watoto 16.

Kifafa kiliongoza, kwa watoto 41 kati ya 1,000. Kilifuatwa na upungufu wa akili na uelewa, 31 kati ya 1,000, na kutosikia vizuri, 14 kati ya 1,000. Baadhi ya watoto walikuwa na kasoro zaidi ya moja. Na miongoni mwa mambo yaliyoonekana kuandamana na kasoro hizo ni matatizo wakati wa kuzaliwa na maradhi ya siku za kwanza za maisha.

SABABU YA KWANZA: KUZALIWA

Mtoto anapozaliwa hutakiwa kuanza kupumua ndani ya dakika moja. Asipopumua, ubongo hukosa oksijeni. Mkunga aliyefunzwa humkausha, humsugua mgongo, na akiona bado, humpulizia hewa kwa kifuko na barakoa ndogo. Kifaa hicho si cha gharama kubwa wala hakihitaji umeme. Lakini sharti kiwepo, na mwenye kukitumia awepo, dakika ile ile. Baada ya dakika kadhaa bila hewa, mtoto akipona anaweza kubaki na mtindio wa ubongo: mikono na miguu hukakamaa, shingo haishiki, na kumeza ni taabu.

Hatari nyingine ni uchungu unaochukua muda mrefu. Mama ambaye njia yake ni nyembamba huhitaji upasuaji. Akicheleweshwa nyumbani siku nzima akisubiri, mtoto huchoka tumboni.

Kisha kuna manjano. Watoto wengi huwa na rangi ya manjano kidogo siku chache baada ya kuzaliwa, na huisha yenyewe. Lakini ikitokea katika saa 24 za kwanza, au ikifika kwenye viganja na nyayo, au mtoto akiwa mlegevu na hataki kunyonya, ni hatari. Sumu ya manjano hiyo huingia ubongoni na kumwacha mtoto akiwa kiziwi au aliyekakamaa mwili. Tiba ni taa maalumu ya buluu hospitalini. Kumwanika juani asubuhi, jambo ambalo nyanya wengi hulishauri, hakutoshi manjano yakiwa makali.

SABABU YA PILI: HOMA

Malaria ikipanda kichwani humfanya mtoto apate degedege na kupoteza fahamu. Uchunguzi wa Kilifi umeonyesha kwamba karibu robo ya watoto wanaopona malaria ya namna hiyo hubaki na kasoro ya muda mrefu katika kufikiri, kuzungumza, au mwenendo. Homa ya uti wa mgongo nayo huacha wengi wakiwa viziwi.

Hapa ndipo imani hudhuru. Katika sehemu za Pwani, degedege lilihusishwa na nyuni, pepo anayefananishwa na ndege, na hivyo mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga. Hatusemi haya kwa kuwadharau wazee wetu. Mganga alikuwa nyumba ya tatu, nayo hospitali ilikuwa mwendo wa saa nne. Yeyote angeanza na aliye karibu.

SABABU YA TATU: CHAKULA

Mama anayekosa asidi ya foliki katika wiki za kwanza za mimba, hata kabla hajajua kwamba ni mjamzito, yumo katika hatari zaidi ya kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Mtoto huyo anaweza kupooza miguu. Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika paketi uongezwe madini na vitamini, ikiwemo foliki. Lakini familia ya mashambani hupeleka mahindi yake yenyewe kwenye mashine ya kusaga, na unga huo hauongezwi chochote. Faida ya sheria hiyo huishia dukani.

Kuna pia ugonjwa unaoitwa konzo, ambao humpooza mtu miguu yote miwili kwa ghafla, na haurudi nyuma. Hutokana na kula muhogo mchungu ambao haukulowekwa wala kukaushwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa ambapo watu hufanya haraka na hawana chakula kingine cha protini. Ulizuka wilayani Tarime, Tanzania, mwaka wa 1985 wakati wa ukame. Tarime imepakana na Migori. Si mbali nasi.

SABABU YA NNE: MADOGO YASIYOTIBIWA

Ulemavu mwingi mkubwa ulianza ukiwa mdogo. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizogeuka ndani anaweza kunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, bila upasuaji mkubwa, akianza mapema katika wiki za kwanza. Asipotibiwa, hutembea kwa ubavu wa mguu maisha yake yote. Sikio linalotoa usaha miaka mitatu humnyima mtoto kusikia. Mwenye kifafa asiyepewa vidonge huanguka motoni, akapoteza mkono. Mzee mwenye shinikizo la damu asilolijua hupooza upande mmoja. Nyanya mwenye mtoto wa jicho hukaa gizani miaka mingi, ilhali upasuaji wake ni wa muda mfupi tu.

Na hilo la wazee ni muhimu. Vijana huja mjini kutafuta kazi, na wakizeeka au wakiugua hurudi nyumbani. Hiyo ni sababu mojawapo ya hesabu za mashambani kuwa juu.

SOWETO WEST: MASHAMBANI NDANI YA JIJI

Ukiyatazama yote hayo utaona kwamba kiini chake ni kimoja. Si laana, wala si damu mbaya ya ukoo. Ni muda unaopita kati ya hatari na msaada. Na muda huo haupimwi kwa kilomita peke yake.

Soweto West ni kijiji kimojawapo cha Kibera, jirani ya Gatwekera na Kianda. Hospitali ya Mbagathi na Hospitali Kuu ya Kenyatta ziko kilomita chache tu kutoka hapo. Kibera kwenyewe kuna Kituo cha Afya cha Kibera South, ambacho shirika la Médecins Sans Frontières liliikabidhi serikali ya kaunti mwaka wa 2017. Kwenye ramani, mkazi wa Soweto West yuko karibu na daktari kuliko Wakenya wengi.

Lakini tuseme mama ameshikwa na uchungu saa nane za usiku. Vichochoro ni vyembamba na gari la wagonjwa haliwezi kuingia. Mvua imenyesha na mtaro umefurika. Bodaboda waliolala hawataki kuamka kwa kuogopa wezi, na anayekubali anataka pesa ambazo hazipo nyumbani. Mume yuko kazini, ni mlinzi wa usiku Kilimani. Jirani anasema tungoje kupambazuke. Saa nne hizo za kungoja ndizo saa nne za yule mama wa kijijini aliye mbali na hospitali. Hospitali iko pale pale, mataa yake yanaonekana, lakini kwa usiku huo iko mbali kama ya Turkana.

Kuishi mjini si kinga kwa maradhi pia. Kwa miaka mingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, KEMRI pamoja na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walifuatilia afya ya watu wapatao 28,000 katika vijiji vya Gatwekera na Soweto West, wakitembelea nyumba moja moja. Wakati huo huo walifuatilia watu wa mashambani kule Asembo, Siaya. Homa ya matumbo ilipatikana kuwa nyingi zaidi Kibera kuliko Asembo.

Malaria, kwa upande mwingine, si nyingi Nairobi kwa sababu ya baridi. Lakini hilo nalo lina mtego wake. Mtoto aliyekulia Soweto West hana kinga ya mwili dhidi ya malaria. Akipelekwa likizo ya Desemba kando ya Ziwa Victoria au Busia bila chandarua, anaweza kuugua vibaya kuliko binamu yake aliyezaliwa huko. Homa inaweza kumpata hata akisharudi Nairobi. Mwambie daktari kwamba mtoto ametoka safari, kwani asipojua anaweza kufikiria ni mafua.

Kisha tujiulize: mbona hesabu ya Nairobi iko chini hivyo? Sehemu ya jibu ni ule mkeka chini ya mti. Chumba cha futi kumi kwa kumi hakina nafasi ya mtoto asiyeweza kukaa. Mama anayefua nguo Lavington kwa malipo ya siku hawezi kumbeba mgongoni mtoto wa miaka saba. Anamwacha na jirani, au anamfungia ndani, au anampeleka kwa nyanya yake. Anapompeleka, mjini mlemavu mmoja anapungua na mashambani mmoja anaongezeka. Tena anampeleka mahali ambapo mtaalamu wa kunyoosha viungo ni adimu zaidi. Hatumlaumu mama huyo. Twasema tu kwamba mashambani wanahesabiwa hata wale ambao mji uliwaumiza.

JE, HALI INABADILIKA?

Ndiyo, na hili ni jambo la kutia moyo. Katika utafiti wa kitaifa wa 2008-09, wanawake 44 tu kati ya 100 walijifungua wakisaidiwa na mhudumu aliyefunzwa. Mwaka wa 2022 walikuwa 89 kati ya 100. Kujifungua bila malipo katika hospitali za umma kulianza mwaka wa 2013. Chanjo inayokinga aina moja kubwa ya homa ya uti wa mgongo iliingizwa nchini mwaka wa 2001, na ya pili mwaka wa 2011. Watafiti waliporudi kwa watoto wa Kilifi mwaka wa 2015, zile kasoro 61 kati ya 1,000 zilikuwa zimeshuka hadi karibu 45. Kama ingekuwa ni laana, chanjo na wakunga wasingeipunguza.

UFANYE NINI?

• Ukiwa mjamzito, anza kliniki mapema na umeze vidonge vya foliki na madini ya chuma. Unayepanga kupata mimba, anza foliki kabla.

• Panga safari ya kujifungua mwezi mmoja kabla. Andika nambari ya mwenye gari au bodaboda anayekubali kuja usiku, weka akiba ya nauli kando, na mwambie jirani mmoja unayemwamini. Kama njia ya usiku ni hatari, hamia kwa jamaa aliye karibu na barabara siku zikikaribia.

• Mtoto mchanga asiyenyonya, aliye mlegevu, mwenye manjano siku ya kwanza, au anayepata degedege, asingoje asubuhi.

• Mtoto akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, na usimtie kijiko, maji wala dawa mdomoni. Likipita dakika tano, au likirudi, kimbia hospitalini.

• Kamilisha chanjo zote. Chanjo ya polio bado inahitajika: mwaka wa 2018 virusi vya polio vilipatikana katika maji taka ya Eastleigh, hapa hapa Nairobi.

• Mtoto ambaye hashiki shingo akiwa na miezi minne, haketi akiwa na miezi tisa, hatembei akiwa na mwaka mmoja na nusu, au hashtuki kwa kelele, apelekwe kliniki. Usikubali kuambiwa "atachangamka tu" mwezi baada ya mwezi.

Na kama mtoto tayari ana ulemavu? Kazi haijaisha. Mazoezi ya kila siku huzuia viungo visikakamae zaidi. Akikalishwa wima wakati wa kulishwa, chakula hakiingii mapafuni. Dawa za kifafa ni za bei nafuu. Chama cha Walemavu wa Viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka wa 1958 na chenye karakana kwenye Waiyaki Way, hutengeneza viti vya magurudumu. Hospitali ya CURE iliyoko Kijabe hutibu watoto wenye viungo vilivyopinda.

Mpeleke pia akapimwe katika hospitali ya serikali ili aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Familia maskini zinazomtunza mwenye ulemavu mkubwa zinaweza kuingizwa katika mpango wa serikali wa Sh2,000 kwa mwezi. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walitumwa vijijini na mitaani mwaka wa 2023, wanaweza kukuelekeza. Muulize wa mtaa wako.

Krismasi ijayo utakapokwenda nyumbani, ukamkuta yule mtoto juu ya mkeka, usipite kama hukuona. Keti na nyanya yake. Muulize alizaliwa vipi, kama ana kifafa, kama amewahi kupelekwa kliniki, kama ameandikishwa. Nauli unayoweza kumwachia ya kufika hospitali ya kaunti huenda ndiyo kitu ambacho amekosa miaka yote hiyo. Na ukirudi Nairobi, mtazame mama mjamzito wa mlango wa pili. Muulize: usiku ukifika, nani atakupeleka? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni saa nne tu za usiku.